Mstari wa Majivu

Mimi sikai. Mume wangu ameshazoea, wanafunzi wangu wameshazoea. Chai nainywa nimesimama mlangoni nikitazama vumbi la Same likikimbilia barabara kuu, na mkutano wa walimu ukizidi nusu saa naomba ruhusa ya kwenda kuangalia kitu ambacho hakipo. Lakini wiki ile ya fainali mwaka huu nilijizidi mwenyewe. Nilifuta ubao ambao haukuwa na maandishi. Nilitia chumvi kwenye maharage mara mbili. Mume wangu akala, akanywa maji vikombe vitatu, akaniuliza kama kuna msiba.

Hakukuwa na msiba. Mdogo wangu alikuwa amenikatia rufaa.

Najua mnacheka. Watani zetu Wachaga wamecheka kabla yenu: husema Mpare huuza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Mimi huwajibu kwamba ng'ombe ni wetu na kuku ni wetu, wao kinawawasha nini? Safari hii hata mimi nilikosa jibu. Rufaa yenyewe ilihusu goli moja la mpira wa kikapu, lililofungwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita, katika mechi ambayo wengi walioicheza sasa wana watoto wa sekondari. Mdogo wangu aliandika kwenye karatasi ya daftari, mistari mitatu tu, kwamba anaomba shahidi aulizwe upya mbele ya watu swali lile lile aliloulizwa na refa siku ile: miguu ya mpigaji ilikuwa ndani ya mstari, au nje?

Shahidi ni mimi. Siku ile nilijibu "ndani". Ilikuwa nje. Niliiona nje kama ninavyouona mkono wangu huu, na waliokuwa wanajua hivyo duniani ni watu wawili, mimi na yeye.

Uwanja wetu ulijengwa kwa msaragambo. Baragumu lilipulizwa alfajiri, kila kaya ikatoa mtu, na baba zetu wakabeba mawe na mchanga, wakamwaga zege, wakasimika nguzo. Nilikuwa mdogo lakini siku ya rangi naikumbuka. Walichora mistari ya pembeni, wakachora duara la katikati, wakachora na kile chumba cha chini ya kikapu. Walipofika kwenye ule mstari wa mbali unaozunguka, wa pointi tatu, ambao anayefunga akiwa nje yake hupata tatu badala ya mbili, rangi ilikuwa imebaki chini ya kopo. Wakabishana mpaka jua likageuka. Mzee mmoja akasema goli ni goli, liwe la karibu liwe la mbali, kwani mpira unajua umetoka wapi? Mwingine akasema ule mzunguko ni urembo tu. Rangi iliyobaki wakaipaka kwenye mlango wa stoo ya mipira.

Basi mpaka mwaka huu mstari ule tulikuwa tunauchora kwa majivu. Siku ya mechi majivu ya jikoni mwa shule yanachekechwa, mtu mmoja anashika kamba chini ya kikapu, mwingine anazunguka na ncha ya pili akimwaga. Unapendeza kweli. Lakini upepo wa Same haumwogopi mtu. Unaamka saa sita mchana, na kufika kipindi cha pili mstari wote umeshahamia kwenye macho ya watazamaji.

Ndipo ikazaliwa desturi yetu. Mstari ukipotea, refa anauliza, na anamuuliza senta wa timu iliyofunga, yule mrefu anayesimama chini ya kikapu, kwa sababu senta amekipa kikapu mgongo, anatazama nje, anaona miguu ya kila anayepiga. Mgeni atashangaa: utamuulizaje mwenye faida? Wazee walikuwa na jibu. Akiipendelea timu yake, mji utajua, na hatakuwa shahidi wa kitu chochote tena maishani, si cha shamba, si cha mpaka, si cha ndoa. Kwetu huko ni kuzikwa ukiwa hai. Kwa hiyo masenta waliogopa, na wakiwa na shaka kidogo tu walisema ndani. Wapigaji wa mbali walipanda tatu wakavuna mbili. Kwamba mtu angeweza kudanganya dhidi ya timu yake mwenyewe, hilo halikumjia mzee yeyote kichwani.

Na tuzo ya mchezaji bora nayo ina desturi yake. Hatutoi kikombe. Mshindi anasimama ameegemea ukuta wa stoo, kisigino kwenye ukuta, na mwenyekiti wa mashindano anachora mstari mweupe pale utosi wake ulipofika. Hatuandiki majina. Kila mtu anajua mstari upi ni wa nani, na asiyejua ataambiwa. Waliokwisha kuchorwa ndio wanaompigia kura anayefuata. Sasa hesabuni wenyewe: wa kwanza alikuwa senta, akamchagua senta, nao wakamchagua senta. Ukiutazama ukuta ule, mistari yote imebanana juu kule, juu kuliko kichwa cha mtu wa kawaida, na chini yake ukuta ni mtupu.

Wangu ni wa pili kutoka juu. Mimi nilimfuata babu kwa urefu. Mdogo wangu alimfuata mama. Akisimama kando yangu utosi wake unanifika begani.

Tulicheza pamoja shuleni, mimi kidato cha sita, yeye cha nne. Kazi yake ilikuwa kudunda mpira aje nao, kunitafuta, kunipa. Kazi yangu ilikuwa kuinua mkono. Nilikuwa naufunga, watu wanashangilia, na mimi nilidhani wananishangilia mimi peke yangu, kwa nini nisidhani hivyo? Hakuna aliyeniambia vingine. Halafu mwaka ule yeye akaanza kupiga kutoka mbali. Sijui alijifunzia wapi. Baadaye nilisikia alikuwa anakwenda uwanjani saa saba mchana, upepo ukiwa mkali kabisa, makusudi, ili ajue mpira unapelekwa upande gani.

Fainali ile ilikuwa dhidi ya timu ya mjini. Zikabaki sekunde chache, tuko nyuma kwa pointi mbili. Yeye ana mpira, mimi niko chini ya kikapu, mkono juu. Nilipiga kelele, "Nipe!" Aliniona. Naapa aliniona, macho yetu yalikutana. Na hakunipa. Akapiga yeye, kutoka hatua nzima nyuma ya pale mstari ulipokuwa kabla upepo haujauchukua, na mpira ukaingia bila kugusa chuma.

Uwanja ulilipuka. Refa akaja kwangu anakimbia, kipenga mdomoni, akakitoa, akauliza, "Ndani au nje?"

Mkono wangu ulikuwa bado uko juu. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba nilikuwa sijaushusha. Nilikuwa na hasira na aibu pamoja, mbele ya shule nzima mtoto niliyembeba mgongoni amenipita kama nguzo. Nikasema, "Ndani."

Zikahesabiwa mbili, tukawa sare, zikaongezwa dakika tano. Katika dakika zile tano mdogo wangu hakupiga hata mara moja. Alinipa pasi zote. Zote! Hata nilipokabwa na watu watatu alinipa, anautuma mpira kifuani kwangu, polepole, bila kunitazama usoni. Nilifunga nyingi, nyingine nikakosa, tukafungwa.

Na wakanichagua mimi mchezaji bora. Mwenyekiti wa wakati ule alisimama akasema hajawahi kuona binti mwenye moyo kama ule, kusema kweli huku kweli inaiua timu yake. Watu walipiga makofi, wazee wakanipa mkono. Nikaegemea ukuta, nikachorwa.

Yaliyofuata yote yalitoka hapo. Timu ya mkoa ikanichukua, kutoka mkoani chuo cha ualimu kikanipa nafasi, kutoka chuoni nikapata kazi, nyumba, mume. Mjini wakaanza kuniita Shahidi, mpaka leo. Kukiwa na ugomvi wa mpaka mlimani naitwa nikasikilize, na miaka sita sasa niko baraza la kata. Mdogo wangu hakugusa mpira tena baada ya siku ile. Aliolewa Lembeni, akafungua kibanda cha chakula kando ya barabara kuu, na makande yake madereva wa malori wanayajua toka Arusha. Tukikutana tunacheka, tunapeana habari za mama, tunagawana vitunguu. Goli lile hatujawahi kulitaja. Miaka yote hiyo, hata siku moja.

Kwa hiyo karatasi ya rufaa ilipofika kwa mwenyekiti, naye akanipigia simu kunisomea huku akicheka, mimi sikucheka. Nilichukua mkoba nikaenda Lembeni siku hiyo hiyo.

Nilimkuta anachochea chungu, simu ameiegemeza kwenye chupa ya chai, anatazama mpira wa kikapu. Anaifuata ligi ya Marekani kila asubuhi, mechi za usiku wao zinapoonyeshwa kwa ufupi. Watu walimwona mwehu zamani, siku hizi madereva wanasimama makusudi kumuuliza nani ameshinda.

"Dada, karibu. Ukae."

"Sikai! Umeniandikia nini wewe mtoto? Una akili?"

"Makande au chai?"

"Nakuuliza."

Akanipakulia makande. Nikayala nimesimama, maana njaa haina kiburi.

"Unajua hawa," akasema akionyesha simu kwa mwiko, "tuzo yao ya mchezaji bora wa msimu zamani ilikuwa kama yetu. Ya masenta. Mtu mrefu anasimama chini ya kikapu, wenzake wanne wanamlisha, na mpiga kura anamwona yeye tu. Miaka na miaka. Halafu polepole ikatoka pale chini, ikaenda kwa watu wa nje. Wanaodunda, wanaopiga toka mbali. Ikakaa huko mpaka watu wakasema senta hataiona tena."

"Siku hizi warefu wamerudi. Na mimi natazama simu, usidhani."

"Wamerudi wachache, ndiyo. Wamerudi wakiwa wamejifunza kazi yangu, dada. Wanasimama nje, wanatoa pasi, wanapiga tatu. Aliyebaki kuinua mkono tu hapewi kitu."

Lilinichoma hilo. Nikamwambia Marekani ni Marekani na Same ni Same, wao wanacheza ndani ya majumba, hawana upepo.

"Wana mstari," akasema. "Ni hilo tu. Walipochora mstari wakasema aliye nje apewe tatu, ikabidi watu wageuze shingo wamtazame. Sisi mstari wetu ni majivu."

Nikamuuliza kwa nini sasa. Kwa nini asiseme mwaka ule, au mwaka uliofuata, au siku ya harusi yangu aniharibie? Alifunika chungu kwanza. Akaniambia habari za binti wa jirani yake, mfupi, ninayemfahamu vizuri maana namwona kila msimu. Mwaka jana alipiga kutoka nje mechi nzima na senta wake akajibu ndani, ndani, ndani, kwa woga ule ule waliotuachia wazee, na sisi kwenye kura tukampa senta. Mwaka huu yuko fainali tena.

"Anakuja hapa jioni anakaa kwenye benchi hili," mdogo wangu akasema. "Ameanza kuniuliza kama labda ni kweli ilikuwa ndani. Anatilia shaka miguu yake mwenyewe, dada. Mimi naujua ugonjwa huo."

"Na wewe ulitilia shaka?"

"Mwaka mmoja hivi. Nilikuwa naamini wewe huwezi kusema uongo."

Nilitoka nje ya kibanda. Nikazunguka lori lililokuwa limeegeshwa, nikarudi. Nikamwambia nina kazi, nina jina, nina watoto wanaojivunia mama yao. Nikamwambia nitaanguka. Nilisema mengi, na sauti yangu ilipanda mpaka dereva akachungulia dirishani.

"Karatasi nimeandika shahidi aulizwe," akasema. "Sikuandika ajibu nini. Hilo ni lako."

Fainali ilichezwa Jumamosi. Binti mfupi alipiga kama mdogo wangu, sina namna nyingine ya kulisema. Refa aliuliza mara nne mstari ulipopotea, na mara nne senta wake wa mwaka huu, mrefu mmoja kutoka Chome, mtoto mwenye adabu zake, alijibu ndani huku akitazama chini. Walishinda hata hivyo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye viti vya wapiga kura, au niseme nimesimama nyuma ya kiti changu. Kila alipojibu, nilikizunguka kile kiti mara moja.

Jumapili baada ya ibada tukakutana kwenye kivuli cha stoo. Wapiga kura tuliobaki hapa tuko watano, wanawake watano warefu, ukituona kwa mbali utadhani katani imeota maua. Mwenyekiti wa sasa ni mwalimu mstaafu. Ndiye aliyekuwa refa siku ile, na ndiye aliyeniuliza. Watu walikuja wengi kuliko kwenye mechi, maana kwetu kesi ina ladha kushinda mpira. Mdogo wangu alikuja na kitenge chake cha kanisani, akamsalimia mwenyekiti shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaa mbali kidogo, mikono mapajani. Binti mfupi na yule senta wa Chome walikaa chini pamoja.

Mwenyekiti akaisoma rufaa. Watu wakacheka kwa upole, hata yeye alicheka. Akasema mchezo uliokwisha hauchezwi upya, lakini kwa kuwa mwenye rufaa ni mtu mzima na hajawahi kumsumbua mtu, atauliza swali, lijibiwe, twende kwenye kura. Kwake lilikuwa jambo dogo. Alikuwa na hakika ya jibu.

"Haya, Shahidi," akaniambia. "Ndani au nje?"

Nilimtazama mdogo wangu. Alikuwa anatazama miguu yake.

"Nje," nikasema.

Mwenyekiti akatabasamu, akadhani amenisikia vibaya. "Unasema?"

"Ilikuwa nje, mwalimu. Hatua nzima. Niliiona. Nilikuwa nimeinua mkono na hakunipa mpira, nikakasirika, nikasema ndani. Sikukosea. Nilidanganya."

Hakuna aliyecheka sasa. Mwenyekiti alivua miwani, akaishika, akaonekana mzee ghafla, na nilimhurumia, maana sifa ile ya ukweli wangu ni yeye aliyeipeleka mkoani kwa mdomo wake. Halafu mmoja wa wapiga kura wenzangu, mama ninayeimba naye kwaya, akauliza kwa sauti ndogo kabisa, "Na ule ushahidi wa shamba la mjomba wangu?"

"Ule nilisema kweli."

"Sasa tutajuaje?"

Nikasogea mbele. Nilimwambia mwenyekiti kwamba barua ya kujitoa barazani nitaiandika kesho, na kwamba mstari wangu ukutani wautie chokaa. Nilitaka wafute, wafute haraka, nione kitu kimetendeka.

Mwenyekiti akaugeukia ukuta. "Siwezi kufuta," akasema. "Urefu wako si uongo. Mwenye rufaa aseme anataka nini."

Mdogo wangu akasimama. Nilidhani ataomba achorwe yeye, na ingekuwa haki. Nilidhani labda atanisema, na hiyo nayo ingekuwa haki; miaka ishirini na kitu mtu ana mengi. Akasema, "Pigeni kura kwanza. Na msimpe mtu kwa ajili yangu."

Tukapiga kura. Kabla hatujamaliza, yule senta wa Chome akanyoosha mkono kutoka pale chini, akasema kwa haraka, machozi yakimtoka, kwamba jana zote nne zilikuwa nje na yeye aliogopa. Binti mfupi akamgeukia akamtazama tu, mdomo wazi. Kura tatu zikaenda kwa mfupi, mbili kwa mrefu. Binti mfupi akaitwa ukutani, akaweka kisigino, na mwenyekiti ikabidi ainame. Sijawahi kumwona akiinama pale. Ule mstari ukachorwa chini peke yake, na watu wakapiga makofi, wengine kwa furaha, wengine bado wananitazama mimi.

Ndipo mdogo wangu akamwendea mwenyekiti akaomba lile kopo la rangi na brashi. Hakuelekea ukutani. Alikwenda moja kwa moja uwanjani, akaokota ile kamba ya jana iliyokuwa imetupwa kwenye nguzo.

"Haitatosha rangi hiyo," mzee mmoja akasema nyuma yetu.

"Itaishia itakapoishia," mdogo wangu akajibu, na akanitazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Dada. Njoo ushike."

Nikaenda. Kushika kamba ni kazi ya senta, kusimama chini ya kikapu na kukanyaga ncha isiteleze. Nikachuchumaa, nikaikanyaga kwa kiatu cha kanisani na kuibana kwa mikono yote miwili. Yeye akarudi nyuma kinyumenyume mpaka kamba ikanyooka. Pale alipofika alisimama, akatazama miguu yake, akasogeza kisigino kidogo kama mtu anayetafuta kitu alichokiacha. Hatua moja tu nyuma ya kisigino hicho ndipo alipopigia siku ile. Niliifahamu ile sehemu, ningeionyesha hata nikiwa nimefumba macho, na nikaanza kulia, sikujificha.

Akachovya brashi, akaanza kuzunguka. Rangi ilikuwa nyeupe sana juu ya zege lile kuukuu. Upepo ulikuja na vumbi lake, ukapita juu ya mstari, na mstari ukabaki. Magoti yalianza kuniuma, kiatu kinabana, jua liko usoni, na mwili wangu wote, ule usiojua kutulia, ukawa unataka kuinuka. Niliinua kisigino kidogo tu.

"Usisogee," akasema, bila kuinua kichwa. "Safari hii usisogee."

Sikusogea.